Arobaini Isiyo na Mtoto

Wenzangu wa kitengo waliniaga kwa keki yenye sukari ya kung'oa meno, doti mbili za kitenge na hotuba ndefu kuliko foleni ya dirisha la dawa. Ilipokwisha, yule kijana aliyerithi meza yangu akaniambia, "Mama, kabla hujatupa kisogo, tuandikie basi hayo unayoyajua." Nikamjibu kwamba ninayoyajua ni mengi na mengine hayana adabu. Akasema niandike hivyo hivyo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana waliopandishwa wanajijua. Nitaandika juu ya jambo lililochukua miaka yangu mingi kuliko mengine yote, yaani jinsi mwili wa mwanamke unavyobadilika baada ya kuondolewa titi kwa ajili ya saratani. Watu wote hutazama kifuani, pale palipopungua. Kazi yangu mimi ilikuwa kutazama kwingine kote.

Nilitoka Tukuyu na sweta mbili, ambazo hapa Dar es Salaam zilinifaa kama mito ya kulalia. Nilipangiwa hospitali moja upande wa Temeke, kitengo cha fiziotherapia, ambacho wakati huo kilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili na baiskeli ya mazoezi iliyopoteza pedali. Chuoni tulifundishwa zaidi habari za ajali, kwa hiyo nilijiandaa kwa miguu iliyovunjika. Siku ya kwanza mkuu wangu, Mzee Matimbwa, akanipeleka moja kwa moja wodi ya upasuaji ya wanawake. Nikakuta safu ya akina mama waliofunga mkono mmoja kifuani kwa kanga, utadhani wameambiana. Hakuna hata mmoja aliyevunjika mkono. Wote walikuwa wametolewa titi, na wote waliamini kwamba mkono wa upande ule ukisogea tu, kidonda kitafumuka.

"Hao ndio wagonjwa wako," Mzee Matimbwa akaniambia. "Ukiwaacha wafunge mikono hivyo, bega litaganda. Likishaganda, utatamani ungesomea ualimu."

Mzee Matimbwa alikuwa mtu wa Rufiji, mfupi, mkali, mpenzi wa chai ya tangawizi kavu. Shingoni alining'iniza tepu ya fundi cherehani, ile ya manjano, na wageni wengi walimuuliza sare za wanafunzi zinashonwa lini. Kwa tepu ile alipima mikono yote miwili, ulio mzima na ulio upande wa upasuaji, mahali pale pale kila mara: kifundoni, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko. Mwanamke akitolewa matezi ya kwapani, mkono wake unaweza kujaa maji na kuvimba, na uvimbe ukiwahiwa ni rahisi kuushika. Ukicheleweshwa, unakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Chombo chake cha pili kilikuwa kigoda. Alimketisha mgonjwa na kumwambia asimame bila kushika kitu. Basi, kipimo kimekwisha. Wanafunzi walicheka, akawaacha wacheke.

Kigoda kile nilikielewa vizuri baada ya kuona wanawake wengi wakirudi kliniki walipomaliza dripu zao za dawa za saratani. Sikiliza, kijana, maana hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Mtaani saratani inajulikana kwa kukondesha. Kwa hiyo mwanamke akitoka hospitali akaanza kujaa mashavu, mtaa mzima unashukuru. Shoga umenawiri, shoga umependeza, huyo ndiye aliyekuwa anaumwa? Naye anafurahi, nani hafurahi? Lakini ndani yake kuna biashara nyingine inayoendelea. Dawa nyingine hukata hedhi kabla ya wakati wake. Uchovu humlaza. Akilala, misuli inayeyuka, ya mapaja na makalio ikitangulia, na mafuta yanakuja kukaa mahali pake, hasa tumboni. Mizani ya kawaida haijui tofauti ya nyama na mafuta. Ni sawa na nyumba iliyopigwa rangi mpya huku mchwa wanakula nguzo. Mwanamke wa namna hii huanguka bafuni, hushindwa ngazi, husumbuliwa na sukari, na mkono wake huvimba kwa urahisi zaidi. Wakati wote huo anaambiwa amependeza.

Miaka mingi baadaye wafadhili wakatuletea mizani ya kisasa, ile ya kukanyaga peku na kushika mipini, inayokutolea misuli mbali na mafuta mbali. Ilikuwa na masharti kuliko bibi harusi. Usiwe umetoka kula, usivae bangili, usiwe na miguu yenye vumbi. Siku mizani hiyo ilipofika, kitengo kizima kilipanda kujipima kabla ya mgonjwa yeyote. Bwana mmoja wa utawala alisoma majibu yake, akatamka kwamba mashine ni mbovu, na hakuisogelea tena. Mimi niliipenda, ila naomba mkumbuke mambo mawili. Maji ya mkono uliovimba inaweza kuyahesabu kama misuli, kwa hiyo usiiamini peke yake. Na umeme ukikatika inakuwa stuli ya bei mbaya. Kwa hiyo tepu na kigoda vya Mzee Matimbwa nilivibakiza, ingawa yeye alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Rufiji.

Sasa nifike kwa Zuhura. Kama mtasahau mengine yote niliyoandika, huyu msimsahau.

Zuhura alikuwa msusi wa Kiwalani. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Zambia, mtu wa kuonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo, hivyo aliishi na mama mkwe wake, Bi Kidawa, mzaliwa wa mji huu tangu mababu. Zuhura alisukia barazani, na wateja walimfuata hata kutoka Buguruni, maana msuko wake wa twende kilioni ulikuwa umenyooka utadhani kapiga rula. Alitolewa titi la kulia, na yeye ni mtu wa mkono wa kulia. Siku nilipomwona mara ya kwanza wodini nilimuuliza swali ninalowauliza wote, kwamba akipona anataka kufanya nini. Wengine hujibu kwamba wanataka kuona watoto wanaolewa. Wengine hulia. Zuhura alinijibu haraka kama aliyekuwa anasubiri aulizwe.

"Mie nataka kusuka, sista. Nisiposuka, mie sio mtu, ni mzigo tu umewekwa pembeni."

Nikamweleza kwamba kusuka ni kuinua mikono kwa muda mrefu, na kwamba bega lake lisipofanyiwa kazi mapema, mkono hautapanda tena kama zamani. Nikamwonyesha mazoezi ya kuanzia, nikampa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Nikapiga simu, akapokea Bi Kidawa. Akanishukuru sana, akaniombea dua, akasema mgonjwa anaendelea vizuri mno, amenenepa. Neno hilo lilinipandisha presha. Nikapiga tena siku nyingine, nikapewa dua zilezile na kunenepa kulekule.

Nilimwona tena alipoletwa kwa daktari baada ya kumaliza dripu, nikamdaka kwenye korido. Uso ulikuwa umejaa, shingo imenona, kanga haifiki alipoizoea. Nikamketisha kwenye kigoda nikamwomba asimame. Akainama mbele, akajaribu, akacheka kidogo. Akajaribu tena. Mara ya tatu hakucheka. Mkono wa kulia nilipomwambia auinue uliishia usawa wa bega, ukakataa. Mashine nayo ikasema nilichokijua: mafuta yameongezeka, misuli imekwenda. Zuhura alikuwa anafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Nyumbani siruhusiwi hata kushika ufagio," akaniambia. "Mama anasema mie ni mzazi. Na wateja wameshaanza kwenda kwa wengine."

Sikuelewa hiyo habari ya uzazi, maana Zuhura hakuwa na mimba wala mtoto mchanga. Ndipo nikafunga safari hadi Kiwalani kujionea.

Nilipofika nilielewa kabla sijakaa. Chumba kilifukizwa udi. Dirisha limefungwa, shuka limetundikwa juu yake. Zuhura kalazwa kitandani, tumbo limefungwa mkaja kwa kanga kama anavyofungwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Kando yake bakuli la uji wa pilipili manga, na jikoni sufuria ya makongoro inachemka, mafuta yakielea juu unene wa kidole. Kila alfajiri Bi Kidawa alitembea kwa miguu hadi Vingunguti machinjioni kuchagua makongoro mwenyewe, kwa sababu hakumwamini muuzaji yeyote anayeyaleta mlangoni. Kwenye nyumba ile aliyekuwa anapata mazoezi mazuri ni mama mkwe.

Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kwa heshima zote na kunimiminia supu kabla sijamaliza kueleza nilikotoka. Nilipouliza kwa nini Zuhura analazwa, alinishangaa. Mtu aliyekatwa, akamwaga damu, akawa na jeraha, mwili wake uko wazi, akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto. Mwili ulio wazi hauguswi na baridi, hauinui kitu, haushiki maji. Unalishwa mpaka ufunge. Ndivyo alivyolelewa yeye kwenye uzazi wake wote, na ndivyo alivyowalea wakwe zake wote.

Nikatoa somo langu lote. Misuli, mafuta, bega, mkono kuvimba. Nikasema mzazi hulishwa hivyo kwa kuwa ananyonyesha, na huyu hamnyonyeshi mtu, kwa hiyo chakula chote kinabaki kwake. Nilisema vizuri, hata mimi nilijisikia. Bi Kidawa alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kawa juu ya sufuria, akakaa kitako.

"Dada yangu aliondoka na ugonjwa huu huu," akasema. "Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka. Mtu mzima, mwanangu, nilimbeba mie peke yangu kumpeleka msalani, kama nimebeba nguo. Leo huyu kajaa hivi, wewe unakuja kuniambia kanona sana?"

Niliinywa supu yake yote, na mafuta yake, kwa sababu hicho ndicho pekee nilichoweza kumfanyia siku ile. Njiani kurudi nilikuwa na hasira naye, kisha hasira ikageuka huruma, na huruma haikunisaidia chochote. Zuhura alikuwa bado kitandani, na kila wiki iliyopita bega lilizidi kuwa gumu. Nilijua kuna mahali lingefika nisiweze kulirudisha.

Msaada ulitoka nisipoutarajia. Wiki iliyofuata aliingia kliniki mama mmoja mtu mzima, kamleta binti yake aliyekuwa na maumivu ya mgongo, mtoto mchanga kambeba yeye bibi. Nilipomshauri binti apumzike, bibi alinikatiza. Akasema arobaini ya huyu imekwisha, mtoto ameshatolewa nje, apumzike tena kwa lipi? Sasa ni kufua, kufagia na kupika, mgongo utanyooka wenyewe. Nilicheka mpaka wakaniangalia vibaya. Mama wale wale wanaomfungia mzazi ndani ndio wanaomtoa kwa ukali siku ikifika. Kumbe ndani kuna mlango wa kutokea. Kiwalani tu ndiko mlango huo ulikokosekana, maana hakuna aliyezaliwa, na kwa hiyo hakuna siku iliyowekwa.

Nikarudi kwa Bi Kidawa bila mashine wala somo. Nikakaa mkekani, nikasubiri tumalize kuulizana habari za kwao na za kwetu, ndipo nikamuuliza, Zuhura atatoka lini ndani?

Akafungua mdomo kunijibu, akaufunga. Nikaona hesabu inampita usoni. Miezi ilikuwa imepita, zaidi ya arobaini yoyote ile.

"Mzazi anatoka na mtoto," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto anazungushwa nyumba, anaonyeshwa mlango, anaonyeshwa jiko. Huyu nitamtoa na nini?"

Nilidhani nimeharibu, tena nimemgusa mama wa watu kwenye donda. Kisha Zuhura akajiinua kitandani kwa mkono wa kushoto, akakaa.

"Si nipo mie, mama? Nitoe mie."

Bi Kidawa alilia. Alilia bila kujificha, na mkwe wake akalia, na mimi niliyekwenda kikazi nikalia pia, ingawa niliwahi kufuta macho kabla yao. Alipomaliza alipenga kamasi na kuwa mtu mwingine kabisa. Akasema kama ni kutolewa, basi tunaanza kuhesabu arobaini leo hii, na iwe arobaini ya haki. Katika nyumba yake hatolewi mtu kwa kushikiliwa. Siku ya kutoka Zuhura atafagia uani, atateka maji, atatwanga kinu mbele ya watu, na mwisho atapelekwa barazani kwenye kazi yake. Akanigeukia akauliza kama itawezekana. Nikamwambia itawezekana. Nilisema kwa uhakika wote niliokuwa nao, na ule ambao sikuwa nao nikauazima.

Naomba hapa niwaandikie tulivyofanya, maana mtakutana na Zuhura wengine. Shuka la dirishani lilishushwa siku ile ile. Mkaja ukafunguliwa. Chakula hatukukipunguza kwa ubabe. Supu ilibaki, ila ikapozwa na mafuta yakaenguliwa juu kabla ya kupashwa moto tena. Bi Kidawa aliuliza kama mafuta yale anaweza kuyala yeye, nikamkumbusha kwamba naye ana presha ya kupanda, akaninunia siku nzima. Uji ukapunguziwa sukari. Yakaongezeka maharage, dagaa, mayai, samaki na mchicha, kwa sababu misuli haijengwi kwa maneno. Asubuhi walianza kutembea wawili, mwanzo hadi kona ya msikiti, baadaye wakazidisha, hadi siku Zuhura aliponiambia kwamba amefika Vingunguti na kurudi na makongoro yake mwenyewe.

Bega tulilianza ukutani. Alisimama karibu na ukuta, vidole vikapanda kama mjusi, na pale vilipokomea Bi Kidawa alichora mstari kwa mkaa. Kesho yake mstari ule lazima uguswe. Ukuta wa chumba ulichafuka, lakini hakuna aliyejali. Tukatumia mti wa ufagio kunyanyulia mikono yote miwili pamoja, mkono mzima ukiusaidia mwenzake. Tukatumia chupa za maji, kwanza tupu, baadaye na mchanga kidogo. Na kigoda kila siku, kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, Bi Kidawa akiwa kasimama pembeni na mikono kiunoni. Nimefanya kazi na wakuu wakali, ila huyu aliwashinda wote. Zuhura alilalamika kwangu kwa simu kwamba mama kawa mwanajeshi. Nilimwambia avumilie, nikakata simu nikicheka.

Katikati ya safari mambo yalikaribia kuharibika. Zuhura alichukua mchi kwa siri na kutwanga kisamvu peke yake kwa muda mrefu, kwa uchu wa kujiona ameshapona. Jioni mkono ulikuwa umejaa, pete haitoki. Bi Kidawa akanipigia simu akisema alijua tu, mwili bado uko wazi, anamrudisha kitandani na tusizungumze tena habari hiyo. Nilikwenda mapema kesho yake. Nikapima kwa tepu mikono yote miwili mbele yake, nikamwonyesha tofauti, nikaufunga mkono kwa bandeji maalumu kuanzia vidoleni kupanda juu, nikawaeleza namna ya kuuinua akilala. Nikamwambia Bi Kidawa kwamba tukimlaza tena, basi hata mie sitaweza kumtoa. Tunapunguza, hatuachi. Akasema haya, lakini mchi utalala chini ya kitanda chake yeye mpaka atakapoona inafaa. Tukakubaliana. Mkono ulishuka polepole, na mazoezi yakaendelea kwa kipimo.

Siku chache kabla ya arobaini kwisha nilimleta Zuhura kwenye mashine, na Bi Kidawa akaja naye. Niliwasomea majibu yote, maana Zuhura mwenyewe aliniruhusu. Kilo zilikuwa karibu zile zile. Kilichobadilika ni kilichomo ndani yake: misuli ilikuwa imepanda kidogo, mafuta yameshuka kidogo. Kidogo tu, wala sitatia chumvi, muda ule hautoshi kufanya maajabu. Bi Kidawa hakujali habari ya misuli. Aliuliza jambo moja, je, hajakonda? Nikamwambia hajakonda, mama. Alishusha pumzi ndefu, na nadhani ilikuwa pumzi aliyoizuia tangu msiba wa dada yake. Kisha Zuhura akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa, akasimama, akakaa, akasimama, mikono ikiwa hewani.

Siku ya kutolewa nilikwenda na gauni langu la kanisani. Uani walikuwepo wanawake wa mtaa, mikeka imetandikwa, ubani unafuka. Walijua kwamba hapana mtoto, na baadhi yao walikuja kwa umbea wa kutaka kuona inakuwaje. Bi Kidawa alimtoa Zuhura mlangoni, kaogeshwa, kavaa kanga mpya, akamshika mkono wa kushoto na kumzungusha nyumba nzima. Kila walipofika alisimama na kumtamkia kwa sauti watu wote wasikie. Huu mlango wako. Hili jiko lako. Hapa ndipo unapotekea maji. Zuhura akafagia uani kwa mikono miwili. Akateka maji, ndoo ndogo, akaibeba kwa kushoto kama nilivyomwelekeza. Kwenye kinu alipokea mchi, akauinua, na nikaona meno yanauma mdomo wa chini. Mchi ukashuka, ukapanda tena. Vigelegele vilipigwa, na hata wale wa umbea walipiga.

Mwisho wakafika barazani. Kiti chake cha kusukia kilikuwa kimefutwa vumbi, na mbele yake mkeka wa mteja. Zuhura akakaa. Jirani mmoja, shoga yake wa siku nyingi, akasogea na kuanza kufungua kilemba ili awe wa kwanza. Bi Kidawa akamsogeza pembeni. Akavua mtandio wake. Katika miaka yote waliyokaa nyumba moja, Zuhura aliniambia baadaye, hakuwahi kumwona mama mkwe wake kichwa wazi. Nywele zilikuwa nyeupe, chache, laini. Bi Kidawa akashuka taratibu, akaketi mkekani, kati ya magoti ya mke wa mwanawe.

Zuhura alichukua chanuo, akapasua njia, akainua mikono. Wa kulia ulipanda bila kukataa. Alianza kusuka, lakini nilimwona anashika zile nywele kwa woga, anazilaza tu bila kuzikaza, msuko unafumuka nyuma ya vidole vyake. Akafumua, akaanza upya, ikawa vilevile. Mkono ulikuwa unaweza. Nilikwishaupima mimi. Kilichokuwa hakiwezi kilikuwa kingine, na mie sikuwa na zoezi lake.

Bi Kidawa hakugeuka. Alikuwa anatazama barabarani, mikono juu ya mapaja.

"Vuta, mwanangu," akasema. "Usinionee huruma. Na mie sikuonei tena."

Zuhura akavuta. Bi Kidawa akakunja uso kwa maumivu, akanyoosha shingo, akatulia asukwe.